Mzizi Uliokatwa Hauna Miiba

Koko, bibi yangu, aliyemzaa yeyo, yaani mama yangu, alikuwa na kawaida moja anapotoka na jembe kwenda kuchimba dawa. Hainami kwanza. Anasimama mbele ya kichaka, anashika tawi, anatazama miiba, anachuma jani na kuangalia kama kikonyo kinatoa maziwa. Kisha anashuka kwa macho polepole: tawi, shina, pale shina linapozama ardhini. Akianza kufukua anaufuata mzizi kwa vidole, kama fundi cherehani anayefuata uzi kwenye nguo iliyofumuka. Mzizi ukikatikia udongoni, kisha akaona mwingine umechomoza hatua mbili pembeni, huo hauchukui. Hata kama unafanana. Hata kama jua linazama na ng'ombe wanarudi.

"Huu simjui mama yake," alikuwa akisema kwa Kimaasai, na kuufukia.

Nilikuwa na miaka tisa au kumi, kazi yangu kushika kikapu na kulalamika njaa. Niliona ni ushamba wa wazee. Miaka mingi baadaye nikaketi darasani Dar es Salaam nikisomea dawa, mhadhiri akaandika ubaoni neno refu, famakognosia, akatueleza kwamba ni maneno mawili ya Kigiriki yaliyounganishwa: pharmakon, ambalo ni dawa na wakati huohuo ni sumu, na gnosis, ujuzi. Neno hilo lilichapishwa Vienna mwaka 1811 katika kitabu cha daktari aitwaye Johann Adam Schmidt. Kazi ya taaluma hiyo, alisema mhadhiri, ni kujibu swali moja kabla ya maswali mengine yote: hiki ulichoshika mkononi ni nini? Nikamkumbuka koko pale pale, nikaona aibu.

Mmea aliokuwa akiuchimba zaidi ni olamuriaki. Wakikuyu na Wakamba huuita mukawa, Wajaluo ochuoga, Wasonjo wa kule Loliondo mugariga. Kiswahili nacho kina jina lake, mtandamboo, ambalo mtu hulitamka kwa sauti ya chini akiwa mbele ya wakwe. Ni kichaka cha nyika kavu na kando ya misitu, chenye majani yanayokaa mawili mawili kwa kuelekeana, miiba mirefu iliyonyooka, na maua meupe yenye wekundu kwa nje, ambayo jioni harufu yake unaisikia kabla hujauona mti wenyewe. Matunda yanaanza mekundu, yakiiva yanakuwa meusi ya zambarau, na ni matamu. Sisi tulikuwa tunarudi kutoka machungani ndimi zimebadilika rangi na mikono imechanika.

Peter Forsskål, Mswidi aliyekwenda Yemen na msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark, ndiye aliyeuandika kwa Kilatini kama mmea wa kuliwa. Alifia hukohuko Yemen mwaka 1763, na maandishi yake yakachapishwa 1775, yeye akiwa kaburini miaka kumi na miwili. Kwa muda mrefu wataalamu waliuita Carissa edulis, yaani inayoliwa. Siku hizi wengi wanauweka chini ya Carissa spinarum, na neno hilo la pili ni habari ya miiba. Nayapenda majina yote mawili kwa sababu mtoto yeyote wa Monduli angeweza kuyatunga. Tunda unalila, mwiba unakuchoma, na kwa vitu hivyo viwili huwezi kuukosea mti.

Tabu ni kwamba dawa haimo katika tunda wala katika mwiba. Imo kwenye mzizi. Na mzizi ukishakatwa vipande vya urefu wa kidole, ukakaushwa, ukafungwa kamba, hauna tena jani, ua, tunda wala mwiba.

Kwa koko hilo halikuwa tatizo, kwa sababu kati ya kichaka na sufuria hakukuwa na mtu mwingine ila yeye. Alikausha mizizi kivulini juu ya ngozi, hakuwahi kuianika juani wala kuirundika ikiwa mibichi. Aliyetaka dawa alikuja nyumbani, akachemshiwa ndani ya mchuzi wa nyama, kama Wamaasai wengi wanavyofanya mpaka leo. Kama alikosea, angejua ndani ya siku mbili kwa sababu mgonjwa alikuwa jirani yake.

Halafu ukaja mwaka 2011.

Wasomaji wengi mnaukumbuka. Katika kijiji cha Samunge, tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, mchungaji mstaafu wa kanisa la Kilutheri, KKKT, Ambilikile Mwasapile, ambaye watu walimwita Babu, alikuwa akitoa kikombe kimoja cha dawa kwa shilingi 500. Alisema Mungu alimwonyesha dawa hiyo ndotoni, na kwamba inafanya kazi ikitolewa kwa mkono wake tu. Ilisemwa inaponya kisukari, presha, pumu, saratani, mpaka Ukimwi. Watu walikuja kwa mabasi, kwa Land Cruiser za kukodi, wengine kwa helikopta, kutoka Tanzania yote na Kenya na mbali zaidi. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita na kilomita kwenye barabara ya vumbi, na wako waliofia kwenye foleni ile. Dawa yenyewe ilikuwa mzizi wa mugariga uliochemshwa. Olamuriaki wetu.

Yeyo alikwenda. Ana sukari tangu nikiwa sekondari. Walichangishana na majirani, wakakodi gari, wakalala njiani usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Aliporudi nywele zilikuwa nyekundu kwa vumbi, na uso ulikuwa na amani ambayo sikuwa nimeiona kwake kwa muda. Nilikuwa nimeanza kazi kwenye duka la dawa Arusha na nilijua ninachotaka kumwambia, lakini nikaanza na swali la taaluma.

"Yeyo, ilikuwa na ladha gani?"

"Chungu kidogo. Lakini kabla sijainywa nilishaijua kwa pua. Ni ile ya mama yangu."

Alikuwa sahihi. Gome la mzizi wa olamuriaki lina harufu yake, na wanakemia waliochunguza mvuke wake walikuta kitu kilichotawala ndani yake ni 2-haidroksiasetofenoni. Yeyo hajawahi kusikia jina hilo. Pua yake ilikuwa imehifadhi rekodi ya miaka hamsini, na kwa kunusa kikombe kimoja cha plastiki akaitambua dawa ambayo mamia ya waandishi wa habari walikuwa wakiulizana ni mti gani.

Alichokosea ni kingine. Aliacha vidonge. Aliviacha wiki tano bila kuniambia, kwa sababu kuendelea kuvimeza aliona ni kumwonyesha Mungu kwamba hajaamini. Tulipompima sukari ilikuwa imepanda mpaka 22. Sikumkaripia, na mpaka leo siwezi kusimama na wanaowacheka waliokwenda Samunge. Mtu aliyemeza vidonge miaka kumi na miwili na kuambiwa atavimeza mpaka kufa, akisikia kuna kikombe kimoja, ataondoka nyumbani. Babu mwenyewe alifariki Julai 2021, na nikipita vijijini bado nakutana na watu wanaomzungumzia kwa upendo.

Serikali ilipeleka wataalamu Samunge wakati ule, na tathmini ya awali ikasema kinywaji kile kwa kipimo kile hakikuonekana kuwa na madhara. Nakubali. Kwa jambo moja Samunge palifanana na kwa koko: wachimbaji walikuwa wenyeji, kichaka wanakijua tangu utoto, mzizi uliingia sufuriani muda mfupi tu baada ya kutoka ardhini. Mama yake alijulikana.

Kilichonitisha kilianza baadaye, dawa ilipohama Samunge na kuingia sokoni. Ghafla kila mahali palikuwa na vifurushi vya mizizi vimefungwa kwa mpira wa tairi, vinauzwa kama "dawa ya Babu". Niliponunua changu nililipa shilingi 2,000. Nikakifungua mezani juu ya gazeti nikahesabu vipande kumi na kimoja.

Tisa vilikuwa ndugu. Gome jembamba la kahawia linalobanduka kwa kucha, mti wa ndani wa rangi ya maziwa yaliyochacha, na ukikivunja, ile harufu. Viwili havikuwa ndugu zao. Gome lake lilikuwa limeshikana na mti, zito, jeusi zaidi. Nilikivunja kimoja kwa koleo nikakisogeza puani: hakuna kitu. Vumbi tu. Nikakinusa tena baada ya kunusa kile kingine, kama mtu anayelinganisha unga wa ngano mpya na wa zamani. Hakuna.

Vitabu vya zamani vya famakognosia vinakuruhusu hatua inayofuata, yaani kugusisha ncha ya ulimi. Sikugusa, na sababu nitaieleza.

Wikiendi ile niliomba nafasi kwenye maabara ya chuo nilikosoma. Kazi yenyewe ni ya kizamani na naipenda kuliko mashine nyingi. Unasaga kipande, unachekecha unga, unachukua kiasi cha ncha ya kisu na kukiweka juu ya kioo. Unadondosha kloralihaidreti, unafunika kwa kioo chembamba, unapitisha juu ya moto wa taa ya spiriti mpaka mapovu madogo yaanze, unatoa, unarudisha, unatoa. Dawa ile inakula rangi na uchafu wote, kinachobaki ni kuta za seli, safi kama kioo cha dirisha. Hapo ndipo mzizi unapoanza kusema. Unaona mirija iliyokuwa ikipandisha maji, upana wake na vitobo vya pembeni. Unaona seli-jiwe, seli zenye kuta nene kupita kiasi, zilizokaa makundi makundi kama kokoto. Unaona fuwele za kalsiamu oksaleti zikimeta. Unaandaa kioo kingine kwa tone la iodini tu, na kama mzizi una wanga, punje zake zinageuka bluu ya kukaribia weusi mbele ya macho yako.

Vile tisa vilijaa wanga. Vile viwili vilikuwa na punje za kuhesabika. Peke yake hilo si ushahidi, kwa sababu mmea huweka wanga mizizini wakati wa kiangazi na kuutumia mvua zinapoanza kutoa majani mapya, kwa hiyo mzizi wa Septemba na mzizi wa Aprili wa kichaka kimoja vinaweza kutofautiana. Lakini na mirija ilikuwa tofauti, na mpangilio wa seli-jiwe nao. Nilirudia mara nne. Kufikia saa kumi jioni nilikuwa na hakika ya jambo moja: katika kifurushi kile kulikuwa na mimea miwili.

Sasa sababu ya kutoonja. Katika nyika ileile inayoota olamuriaki kunaota mti mwingine wa ukoo wake, familia ya Apocynaceae. Kwa Kiswahili ni msunguti, kwa Kimaasai olmorijoi, kwa Kikamba kivai, na kitaalamu ni Acokanthera schimperi. Majani yake yanaelekeana mawili mawili, ya kijani iliyoiva na yanang'aa. Maua meupe yenye wekundu, yananukia. Matunda yanaiva kuwa meusi ya zambarau. Ukivunja tawi linatoa maziwa. Karibu kila ninachoweza kukueleza kuhusu olamuriaki naweza kukirudia kwa msunguti, isipokuwa kwamba msunguti hauna miiba.

Na msunguti ndio mti wa mishale. Wakamba, Wagiriama na Waata walichemsha mbao na mizizi yake kwa saa nyingi mpaka ikawa nzito na nyeusi kama lami, wakapaka kwenye vyembe na kuangusha mpaka tembo. Mfaransa Arnaud ndiye aliyetenga kiini cha sumu hiyo mwaka 1888, ouabaini. Sumu hii inaizuia pampu iliyo katika ukuta wa kila seli yetu, ile inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Pampu ikisimama, moyo unapoteza mpigo wake. Jens Christian Skou wa Denmark aliigundua pampu hiyo mwaka 1957, na ouabaini ni mojawapo ya vitu alivyovitumia kuthibitisha kwamba ndiyo yenyewe. Mwaka 1997 akapata tuzo ya Nobel. Madaktari wa Ulaya waliwahi kuidunga ouabaini hiyo kwenye mishipa ya wagonjwa wa moyo. Kuna hata panya mkubwa wa Afrika Mashariki, mwenye manyoya marefu na mistari myeupe na myeusi, anayetafuna gome la mti huu na kupaka mate yake kwenye manyoya ya ubavuni, na mbwa anayemuuma anaweza kufa. Watafiti walilieleza jambo hilo kwa undani mwaka uleule wa 2011.

Ni kweli ouabaini ikimezwa huingia kwenye damu kwa shida, ndiyo maana nyama ya mnyama aliyepigwa mshale inaliwa. Lakini shida si sifuri. Na mtu anayechemsha kifurushi kizima, akanywa kutwa mara tatu kwa mwezi, huku figo zake zimechoka kwa kisukari, siwezi kumwambia ategemee hilo.

Hapa niliteleza, na ninaandika kwa sababu nimeona wanafunzi wangu wakiteleza palepale. Kupima glikosidi za moyo, jamii ya sumu ambamo ouabaini imo, nilitumia kipimo tulichokariri wote, cha Keller na Kiliani: asidi ya asetiki yenye chembe ya chuma, kisha asidi ya salfuriki inamiminwa taratibu ukutani mwa bomba ili ikae chini. Kama zipo, pete ya kahawia inatokea pale vimiminika viwili vinapokutana. Nikasubiri. Pete haikuja. Nikaandika kwenye daftari, kwa kalamu, "Hakuna glikosidi za moyo," na nikahisi mzigo umenitoka. Jioni ileile nilimpigia yeyo nikamwambia asiwe na wasiwasi, maana jirani yake alinunua pale pale.

Jumatatu mwalimu wangu alisoma daftari akiwa amesimama. Hakuinua sauti.

"Sukari iliyoshikamana na ouabaini ni ipi?"

"Ramnosi, mwalimu."

"Na Keller na Kiliani hutafuta sukari za aina gani?"

Nilinyamaza. Kipimo kile hakioni glikosidi yenyewe. Kinaona sukari za kundi fulani, zile zilizopungukiwa oksijeni kwenye kaboni ya pili, kama zilizomo kwenye dawa ya moyo ya digitalisi. Ramnosi haimo katika kundi hilo. Ningeweza kuweka ouabaini tupu ndani ya bomba lile na pete isitokee. Yaani nilikuwa nimemuuliza mtu asiyemjua mhalifu kama amemwona, akajibu hapana, nikarudi nyumbani kulala.

Mwalimu akanipa kipimo cha Kedde, kinachoshika sehemu nyingine ya molekuli, ile pete ya laktoni yenye kaboni nne inayoning'inia kwenye mgongo wa steroidi. Vile viwili vilitoa zambarau. Ilikuja ndani ya dakika moja, ikakolea, kisha ikaanza kufifia kama kawaida ya kipimo hicho. Jenasi ya Carissa nayo imeripotiwa kuwa na glikosidi za moyo, kwa hiyo nilipima na vile tisa, rangi ikawa hafifu mno hata nikalazimika kuweka karatasi nyeupe nyuma ya bomba. Maabara haikuwa na ouabaini safi ya kulinganisha. Nilifuta sentensi yangu ya kwanza kwa mstari mmoja ili ibaki inasomeka, na chini yake nikaandika: vipande viwili si mmea ule, vina laktoni ya glikosidi za moyo, asinywe mtu.

Nilimpigia yeyo tena. Halafu nikaenda sokoni.

Mama aliyeniuzia alinikumbuka. Nilitarajia ugomvi, nikajikuta ninatazamana na mtu aliyeshtuka kuliko mimi.

"Mama, hii mizizi unaipata wapi?"

"Vijana wanaleta na gunia, daktari. Mimi nafunga tu."

Mimi si daktari, lakini hapakuwa mahali pa kusahihishana. Akaniambia gunia hilohilo ndilo analomchemshia mumewe, mwenye presha. Alisema hivyo na mkono mdomoni. Tukageuza ndoo mbili tukazikalia, tukamwaga gunia juu ya turubai, tukaanza kuvunja na kunusa, kipande kimoja kimoja, mpaka vidole vikawa vyeusi. Baada ya nusu saa alikuwa mwepesi kuliko mimi. Alikuwa anatenga kwa kutazama gome tu na ananusa kuhakikisha. Alichotenga kando kilijaza bakuli la kuoshea mboga. Mumewe, nashukuru, hakuwa amepata dhara aliloliona.

Vijana wale nao sikuweza kuwalaani. Ukipewa oda ya magunia na kichaka cha karibu kimeisha, unachimba unachokiona, na wakati wa kiangazi, ukitumia sururu kwenye mizizi iliyosokotana ardhini, hata mkweli anakosea. Na kweli vichaka vilikuwa vinaisha. Koko alichimba upande mmoja tu wa kichaka, akakata mzizi wa pembeni, hakugusa ule mkuu, akarudishia udongo na kuukanyaga kwa kisigino. Mwaka uliofuata alikwenda upande wa pili. Anayejaza gunia hana mwaka unaofuata, anang'oa.

Tangu wakati ule nimesoma kila nilichoweza kukipata juu ya mmea huu, na ninaona vipande vile viwili vya kifurushi vikijirudia hata kwenye mazungumzo ya wasomi. Mtu atakuambia, "Imethibitishwa inashusha sukari." Uchunguzi anaouzungumzia ulifanywa Misri, ukatoka 1996, kwa panya, na uliotumika ulikuwa majani. Kikombe kilikuwa cha mzizi. Jani na mzizi vya mti mmoja vinaweza kuwa mbali kama ndizi na mgomba wake. Mwingine atasema, "KEMRI walikuta inaua virusi." Ni kweli: mwaka 2006 watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, Nairobi, walichapisha matokeo mazuri ya dawa ya mzizi iliyotolewa kwa maji, kwenye seli na kwenye panya, dhidi ya virusi vya herpesi. Kazi nzuri sana, na ninatamani ingeendelezwa kwa kasi. Lakini herpesi si VVU, na wako walioacha ARV kwa sababu neno "virusi" lilifunika tofauti hiyo. Addis Ababa walionyesha mwaka 2004 kwamba gome la mzizi linaongeza mkojo kwa panya. Hilo linalingana na matumizi ya wazee, na ndilo linalonifanya nimuulize kila mtu anayemeza vidonge vya presha vya kukojoa kama anakunywa na mizizi, maana atapoteza maji na chumvi kwa njia mbili.

Angalia pia neno gome. Matokeo hayo ya Addis ni ya gome la mzizi. Mzizi mwembamba una gome jingi kwa uzito wake. Mzizi mnene wa kichaka kizee karibu wote ni kuni. Watu wawili wanaweza kuchemsha nusu kilo kila mmoja, mmoja akanywa dawa na mwingine maji ya kuni. Koko alichagua mizizi ya unene wa kidole gumba. Nilidhani ni kwa urahisi wa kukata.

Tanzania tuna sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002, tuna baraza lake, na Muhimbili kuna taasisi nzima inayofanya kazi hii ya kutambua. Ninaiheshimu. Ninachokidai ni kidogo kuliko maabara: kila mzizi unaouzwa usafiri na tawi lake. Tawi moja lenye majani na miiba, limekaushwa ndani ya gazeti, limefungwa juu ya gunia, pamoja na jina la kijiji na mwezi wa kuchimba. Hebaria za vyuo vikuu, yaani hifadhi za mimea iliyokaushwa, zimejaa matawi ya namna hiyo, na majarida mengi ya mimea ya dawa humtaka mtafiti aache lake kabla ya kuchapisha. Mama wa sokoni alilielewa kabla sijamaliza kulieleza. Aliwaambia vijana gunia lisilo na tawi halipokei. Wiki ya kwanza walimnunia, ya pili wakaleta.

Ninapofundisha siku hizi, kipindi cha kwanza hatuingii maabara. Tunatoka na jembe. Kila mwanafunzi anachagua kichaka chake, na hagusi udongo mpaka ameniambia kwa sauti anachokiona kutoka juu kwenda chini. Wengi huona wanapotezewa muda, kama nilivyoona mimi na kikapu changu. Halafu mmoja anakutana na mzizi uliokatikia udongoni na mwingine unaofanana nao pembeni, ananiangalia, na mimi simjibu.

Mwezi uliopita yeyo alipiga simu. Sukari yake iko sawa, anameza vidonge, na bado anakunywa mchuzi wenye olamuriaki mara moja moja, kwa kiasi tulichokubaliana na daktari wake. Jirani alikuwa amemletea mizizi kutoka upande wa Longido.

"Nzuri, mibichi, inanukia," akasema. "Lakini nimemwambia nitaipika Jumapili."

"Kwa nini Jumapili?"

"Amekwenda kunichukulia tawi."

Jumapili jioni alinitumia picha. Kanga imetandikwa kitandani, tawi limelazwa juu yake, na kidole cha yeyo kinaonyesha mwiba.